Maji Yaliishia Uzioni

Baba alikuwa amesimama katikati ya matuta ya vitunguu saumu, amevaa suti nyeusi, ile aliyoishona kwa ajili ya harusi ya dada yangu na kuivaa tena kwenye mazishi ya mama. Mkononi alishika sinia la fedha. Juu ya sinia palikuwa na kisahani cha maganda ya machungwa yaliyopikwa kwenye sukari mpaka yakang'aa, kijiko kidogo, bilauri ya maji baridi na kikombe cha kahawa kilichofunikwa kisipoe. Nilipomwona hivyo nilijua tumekwisha.

"Baba," nikamwambia, "tulikubaliana."

"Tulikubaliana nisiseme neno. Hatukukubaliana mgeni akae na kiu."

"Huyu si mgeni. Ni mthamini wa ardhi. Anakuja kupima tu na kuondoka."

"Anaingia kwangu kwa mlango, siyo kwa dirisha. Basi ni mgeni." Akakiweka sawa kifuniko cha kikombe, kisha akanitazama viatu. "Na wewe ungevaa kitu kizuri kidogo, Evanthia."

Mbele ya nyumba, gari lilizima injini. Nilikuwa nimebana mkoba kwapani, na ndani ya mkoba mlikuwa na picha ya mama. Picha hiyo ndiyo iliyokuwa kesi yangu yote.

Wakati ule nilikuwa na miaka arobaini na minane, na nilikuwa natengeneza meno ya bandia katika maabara moja ya Brunswick, mtaa wa Melbourne. Kazi yangu ilinizoesha kuchunguza vitu vidogo, na labda ndiyo maana mimi, siyo dada yangu Despina, ndiye niliyeisoma ile bili ya kodi ya ardhi mpaka mwisho. Despina aliiangalia jumla tu, akapiga yowe, akaniletea.

Kodi yenyewe, kwa asiyeijua, haihesabu nyumba. Inahesabu udongo. Unaweza kuwa na kibanda kinachovuja kila kona, ofisi haijali. Inachouliza ni kwamba, kiwanja kingekuwa kitupu leo, mtu angekinunua kwa bei gani? Nyumba unayolala mwenyewe inasamehewa. Zinazobaki, zote zenye jina lako, thamani ya viwanja vyake hujumlishwa, na jumla ikipanda, hata kiwango cha kodi hupanda nayo. Mwaka ule bei za ardhi Melbourne zilikuwa zimeruka, tena serikali ikashusha kiwango kinachosamehewa. Bili ya baba ikaja mara tatu ya ile ya zamani.

"Wamekosea," baba alisema nilipomsomea mezani kwake Preston. "Mimi nina nyumba moja. Hii tunayokaa."

"Una tatu, baba."

"Ya Despina ni ya Despina. Ya Coburg ni yako. Mimi nina moja. Waandikie."

Hapo ndipo penye tatizo letu, na ni tatizo la watu wetu tu. Kwetu anayetoa mahari ni baba wa binti. Msichana akizaliwa, kengele za hesabu zinaanza kulia kichwani mwa babaye, maana siku ya kuolewa lazima atoke na nyumba, au shamba, au angalau mizeituni. Tunaiita prika. Wazee walipovuka bahari kuja Melbourne kutoka vijiji vya mawe vya Peloponnese waliacha mengi nyuma, lakini hilo walilibeba. Baba alikuwa zamu ya usiku katika kiwanda cha matairi, mama alishona kola za mashati nyumbani, analipwa kwa kila kola, na haba na haba yao ikajaza vibaba viwili: nyumba ya Thornbury kwa ajili ya Despina, na mwaka niliozaliwa mimi, nyumba ya Coburg, chini kabisa ya mteremko, karibu na kijito cha Merri, ambako viwanja vilikuwa rahisi kidogo.

Despina alipoolewa alipewa funguo mbele ya watu, watu wakapiga makofi. Hati hakupewa. Baba hakumwamini mkwe wake, Manolis, wala hakuwahi kumwamini binadamu yeyote anayetumia manukato. "Mkwe mpe kiti," alikuwa akisema, "usimpe ufunguo wa kabati." Basi kwa maneno ya baba nyumba zilikuwa zimekwisha kutolewa zamani, moja kwa aliyeolewa na moja kwa asiyeolewa. Kwa karatasi zote zilikuwa zake, na ofisi ya kodi haisikilizi makofi ya harusi. Kuhamisha hati sasa kungekula fedha nyingi kuliko bili yenyewe. Niliuliza. Nilipiga simu mpaka sikio likapata joto.

"Uza ya Coburg," Despina akasema. "We Evanthia, acha ubishi. Mpangaji analipa kiduchu, paa limeoza, na bado wanataka hela. Uza, tumalize, tulale."

"Haiuzwi," baba akasema. "Ni ya dada yako."

"Dada yangu haitaki!"

Wote wawili wakanigeukia. Nikaanza kuikunja bili. Niliwahi kupenda, na nilipendwa miaka kadhaa na mtu mwema wa hukuhuku ambaye baba yake hakujua hata kama kuna mahali nyumba hutolewa na wazazi wa msichana. Tuliachana bila ugomvi, na hakuna aliyewahi kuuliza habari ya Coburg. Ile nyumba ilikaa inanisubiri muda wote huo, imepangishwa kwa wageni, na baba akabaki na bustani ya nyuma na kuku wake, akipanda na kuvuna kila msimu kama mlinzi wa mali ya mtu. Nilikuwa naionea haya, nasema kweli. Lakini kila nilipofikiri juu ya kibao cha "INAUZWA" mbele ya uzio ule, nilishindwa kumwambia baba auze.

Lilikuwepo jambo moja la kufanya. Bili ikifika, sheria inakupa miezi miwili kupinga thamani waliyoiweka. Nikaanza kuisoma thamani hiyo kama ninavyosoma kalibu ya jino. Walikuwa wamekilinganisha kiwanja chetu na viwanja vya juu ya mteremko, vikavu, ambavyo wajenzi walivinunua na kuchomeka nyumba mbilimbili. Chetu huwezi. Mvua kubwa ikinyesha kijito hufura, na theluthi ya nyuma hulala majini. Ramani za ofisi zilionyesha maji yakiishia uzioni. Mimi nilijua hayaishii uzioni, kwa sababu nilikuwa darasa la tano niliposimama kwenye ngazi za nyuma za nyumba ile na kumwona mama, amevaa mabuti ya mpira ya baba, maji magotini, amembana kuku kwapani na kucheka kwa sauti kubwa. Nyuma yake ni mlimau, na maji yamelizunguka shina. Baba mwenyewe ndiye aliyepiga picha ile.

Nikaandika barua ya pingamizi, na kwa kuwa mwenye hati ni yeye, ilibidi asaini. Akataka nimsomee kwa lugha yetu, neno kwa neno. Nikamsomea: sehemu ya nyuma haifai kwa ujenzi; maji huingia; bomba la maji taka linapita chini; mnunuzi mwenye akili angetoa bei ya chini sana.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Umeitukana."

"Siyo tusi, baba. Ni hoja."

"Anayetaka kununua punda ndiye anayemtukana. Mwenye punda hamtukani punda wake."

"Basi tazama hii." Nikamwekea picha mezani. "Hayo ni nini, kama siyo mafuriko?"

Akaivuta karibu, akamwangalia mama muda mrefu. Hakutazama maji hata kidogo. "Hayo si mafuriko," akasema. "Ni mvua."

Nikampandishia sauti. Nilimweleza kwamba pingamizi likikubaliwa nyumba itabaki, likikataliwa itauzwa, na pensheni yake haiwezi kuibeba bili hata ikisaidiwa na farasi. Njia ya tatu ilikuwepo lakini sikumwambia, maana hiyo ilikuwa akiba yangu: bosi wangu, mzee Hoang, alikuwa anataka kustaafu na kuniuzia nusu ya maabara, na kwa miaka mingi nilikuwa naweka akiba ya jambo hilo. Baba akasaini. Alisaini taratibu, herufi moja moja, mkono wa mtu anayesaini kitu asichokipenda. Kisha akanirudishia picha bila kuniangalia.

Ndivyo Bwana Tregear, yule mthamini, alivyofika Coburg asubuhi ile ya mwezi wa tano. Alikuwa mtu mpole, mrefu, mwenye buti zenye tope la viwanja vya watu wengine. Mpangaji wetu alikuwa kazini, na alikuwa ameturuhusu tupite. Nilimpitisha Bwana Tregear ubavuni mwa nyumba mpaka nyuma, na pale, chini ya mzabibu uliokwisha kupukutisha majani, akakuta meza yenye kitambaa cheupe alichokidarizi mama, na mzee wa miaka themanini na mitatu aliyevaa tai.

"Karibu," baba akamwambia kwa Kiingereza chake kilichovunjika. "Kwanza kitamu. Baadaye kazi."

Bwana Tregear alinitazama, nami nikatazama pembeni. Akakaa. Akala ganda la kwanza kwa adabu, na la pili kwa hamu. Akanywa maji, akanywa kahawa. Husemwa mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi nilikuwa nakaribia kuugua.

"Bustani nzuri," akasema mgeni.

Ndilo kosa alilofanya. Baba alikuwa ameahidi kufunga mdomo, na ninaamini alikusudia kuitimiza ahadi. Lakini neno lile lilimtoa kitini. Akafunga kifungo cha koti.

"Nzuri?" akasema. "Njoo."

Akamtembeza. Akachota udongo, akauponda kiganjani, akamtia Bwana Tregear mkononi. "Ona. Mweusi. Hauna jiwe. Huko kwetu nililima mawe, najua udongo ni nini." Akamwonyesha jua linapochomoza na linapozama, na jinsi hakuna jirani anayelizuia. Akataja tramu iko umbali gani, shule iko umbali gani, kanisa liko umbali gani. Akagonga ukuta wa nyumba kwa ngumi. "Tofali mbili. Siyo moja. Mbili!" Akapiga hatua mpaka kwenye mlimau, akanyoosha mikono yote miwili. "Hapa mtu anajenga nyumba ya pili. Kubwa. Ya watoto."

Nilikuwa nyuma yao nimeshika mkoba, nikimsikiliza anavyomwaga mtama kwenye kuku wengi. Kila sentensi ilikuwa inapandisha bili. Nilitaka kumvuta mkono, nilitaka kukaa chini nilie, na nakiri nilitaka pia kucheka.

Ndipo nikaitambua ile sauti.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano wazazi wa Manolis walipokuja Preston kumposa Despina. Sisi wasichana tulikuwa jikoni, sikio mlangoni, Despina amejiziba mdomo kwa taulo. Sebuleni mama alipeleka sinia hilihili la fedha, kitamu, maji, kahawa. Kisha baba akasimama, akafunga kifungo cha koti vilevile, na akaisifu nyumba ya Thornbury kuanzia paa mpaka msingi: jua lake, tofali zake, tramu, shule, kanisa. Hakusema urefu wa ufa wa bafuni. Baba wa binti hasemi nyufa. Nakumbuka Despina aliacha kucheka akaanza kulia, maana alielewa kwamba maneno yote yale kuhusu tofali yalikuwa juu yake yeye.

Kwa ajili yangu hakuna aliyewahi kuketi kwenye kiti kile. Baba alikuwa ameitunza hotuba yake miaka yote bila mtu wa kumpa, na sasa mtu amekuja, amekula kitamu, ameuliza habari za nyumba ya Evanthia. Si kwamba alikuwa amechanganyikiwa. Alijua vizuri Bwana Tregear ni nani. Alishindwa tu kusimama mbele ya mtu wa nje na kuitaja mali ya binti yake kwa ubaya.

"Na maji?" Bwana Tregear akauliza, akitazama barua yetu. "Hapa mmeandika kwamba maji huingia."

Baba akanigeukia. Uso wake ulikuwa umewaka, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile nikaona hofu ndani yake. Alikuwa ananiomba.

"Maji," akasema akimgeukia mgeni, "hayajawahi kuingia. Hata tone."

Nilimsindikiza Bwana Tregear mpaka getini. Hakufungua mlango wa gari. Alisimama akijipangusa udongo kiganjani.

"Shina la mlimau lina mstari," akasema kwa sauti ya chini. "Na nguzo za uzio pia, juu kuliko ramani yetu inavyosema. Mimi siwezi kuandika mistari ya matope peke yake. Wewe unasema maji yanafika kwenye mlimau, baba yako anasema hayajafika hata tone. Kuna kitu chochote cha kunionyesha? Picha, chochote?"

Mkoba ulikuwa kwapani. Ningeingiza mkono tu. Baba alikuwa amesimama kwenye kibaraza cha mbele, mbali, hawezi kusikia. Sinia tupu amelibana ubavuni, mkono mwingine ameuinua kumuaga mgeni. Lakini barua zote za ofisi nilizisoma mimi kwake, neno kwa neno, na barua ya ushindi ingekuja na sababu zake. Ningemsomea mezani: kwa mujibu wa picha iliyoletwa na binti yako, ardhi hii huingia maji. Ningemsomea kwamba mgeni wake aliondoka akijua.

"Andika alivyosema baba," nikasema.

"Una hakika? Nikishapeleka ripoti, nimepeleka."

"Nina hakika."

Alinitazama kidogo, akaingia garini. Nilisimama pale mpaka gari likapinda kona, nimejaa hasira, na hasira yenyewe sikujua ni ya nani.

"Ameridhika?" baba akaniuliza.

"Ameridhika."

"Niliona. Alimaliza kisahani chote." Akalegeza tai, akakaa kwenye ngazi, ghafla mzee kuliko alivyokuwa saa ile ya asubuhi. "Mama yako angemwongezea."

Jibu lilikuja majira ya baridi yamekolea. Nilimsomea: pingamizi limekataliwa, thamani inabaki kama ilivyokuwa. Alinifanya nirudie ile namba ya thamani mara mbili.

"Nyingi hizo," akasema.

"Nyingi, baba."

"Nilikwambia. Chema chajiuza." Kisha uso ukamwingia kivuli. "Na bili?"

"Usijali bili. Nimeongea nao, nitalipa kidogo kidogo."

Hakuuliza nalipa kwa fedha gani, nami sikumwambia. Nusu ya maabara ilichukuliwa na kijana mmoja mwenye bidii kutoka Footscray, ambaye ndiye bosi wangu mpaka leo na hana ubaya wowote. Siku alipobandika jina lake mlangoni nilijifungia chooni nikalia, kisha nikanawa, nikarudi kwenye meno yangu. Despina hakuongea nami mpaka Pasaka. Nilimwelewa. Kuna siku hata mimi sikuongea nami.

Baba alikufa akiwa na suti ileile, maana yake ni kwamba tulimzika nayo. Wosia uligawa vitu kama alivyokuwa akivigawa kwa mdomo miaka yote. Nikahamia Coburg. Nyumba unayolala mwenyewe inasamehewa, na ofisi ikaacha kuniandikia. Nilitengeneza paa. Udongo ni mweusi kweli, na hauna jiwe. Vitunguu saumu vyangu havijafikia vyake, lakini Despina huvichukua bila kulalamika.

Mwaka jana mwezi wa kumi mvua ilinyesha bila kupumzika. Asubuhi niliamka nikasikia ukimya wa ajabu huko nyuma, nikafungua mlango. Kijito kilikuwa kimepanda. Kimevuka uzio, kimefunika matuta, na maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yamelizunguka shina la mlimau. Mabuti ya mpira ya baba yalikuwa bado bandani, juu ya rafu. Nikayavaa, yakinipwaya, nikashuka ngazi, nikaingia. Maji yalinifika magotini.

Jirani yangu mpya, ambaye nyumba yake ni ya juu kidogo, alitoa kichwa dirishani, nywele hazijachanwa.

"Evanthia! Uko salama? Hayo ni mafuriko!"

"Wapi!" nikamjibu. "Ni mvua tu."

Kisha nikarudi ndani haraka kuinua mazulia.